Kikapu Nilichofungua Watugede

Kama kuna mtu mwingine wa Masisi aliyewahi kuvuka bahari ili kwenda kuaibika mbele ya kijiji kizima, namwomba ajitokeze tukae naye benchi moja, maana mpaka leo benchi hilo nimelikalia peke yangu. Nawasimulia ninyi kwa sababu najua mmeshasikia nusu ya habari hii kwa Padri, na Padri akisimulia anacheka kabla hajafika katikati, kwa hiyo watu wanaondoka na kicheko chake bila habari yenyewe. Acheni basi niiseme mwenyewe kwa mpangilio, na anayetaka kucheka acheke. Mke wangu, Mama Furaha, alicheka mpaka akamwaga maharagi aliyokuwa anachagua.

Padri wetu anaitwa Sugeng (sisi tunasema Sugeni, na yeye ameshazoea). Ni mtu wa Indonesia, wa kisiwa cha Java, mfupi, mpole, na kwenye matope anaendesha pikipiki vizuri kuliko vijana wetu. Amekaa nasi kwenye vilima vya huku Lushebere miaka mingi, anasema Kiswahili chetu chote pamoja na matusi yake madogo (hayatumii, lakini ukiyatumia anakuangalia), na watu walipokimbia vita alikimbia nao, na waliporudi alirudi nao. Mimi ni katekista wake. Kila kanisa dogo analotembelea, mimi niko nyuma ya pikipiki nimekumbatia mfuko wa vifaa vya misa kama mtoto mchanga.

Sasa mama yake Padri, mjane, alianza kuzeeka, na habari alizokuwa akizisikia za upande wetu hazikuwa za kumpa mama yeyote usingizi. Wakubwa wake wakamwambia Padri: nenda nyumbani likizo, ukae na mama yako, na akisema ubaki, utabaki, utapewa parokia hukohuko. Neno la mwisho wakamwachia yule mama. Na kwa kuwa parokia yake ya nyumbani ilitaka kumfanyia jubilei ya upadri, wakaomba aje na mkristo mmoja wa kutoka kwenye utume wake, safari juu yao. Wazee wa kilima wakanichagua mimi, si kwa sababu nina akili kuliko wengine, ila kwa sababu, walivyosema wao, sina maneno mengi na sinywi kupita kiasi.

Sikuenda kutembea, mnielewe. Nilitumwa nikamrudishe Padri. Asubuhi ya kuondoka Mama Furaha alinifunga kifungo cha shati cha shingoni mpaka nikakohoa, akaniambia:

"Papa Bauma, kule usiende kusema mingi. Ule mama akuangalie tu, aone kama bantu ba huku tuko bantu. Akikatala, sisi njo tumekwisha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba mama yule ataona kuwa sisi ni watu, na kwamba Roho Mtakatifu ataniongoza. (Roho Mtakatifu aliniongoza vizuri sana mpaka nilipoanza kujiongoza mwenyewe.)

Kijiji chao kinaitwa Watugede, na hata Waindonesia wengi hawakijui. Dereva aliyetuchukua uwanja wa ndege alimwuliza Padri kama ana hakika na jina hilo. Mimi nilitazamia mashamba ya mpunga yenye maji yanayong'aa, kama yale ya kwenye kalenda ya parokia, kumbe sehemu ile ya kusini ni vilima vya mawe ya chokaa, vidogo, vya mviringo, vimepangana kama mikate kwenye sinia, na udongo umekaa kidogokidogo kati ya jiwe na jiwe, na watu wanalima hapohapo kwa subira ambayo sisi wa Masisi, tuliozoea udongo mweusi na mvua isiyojua kukatika, hatuna. Mvua ikiisha, vidimbwi vinakauka, maji yanaletwa kwa lori. Wanafuga mbuzi, na ng'ombe mmoja mmoja anayelala karibu na jiko kama mtu wa nyumbani. Na kando ya barabara, juu ya mawe na juu ya mapaa, wameanika mihogo iliyomenywa, kama wanavyofanya jirani zetu wa Walikale! Nilipoiona nilimshika Padri bega. "Padri, umenidanganya, hapa njo Walikale!" Akacheka mpaka dereva akageuka. Na asubuhi hewa ikiwa safi, mbali upande wa kaskazini unaona mlima wa moto unafuka moshi wake taratibu kama wetu wa Goma, nami nikamshukuru Mungu aliyeniwekea hata huko kitu nilichokizoea.

Watu wa Watugede ni wapole kiasi cha kukutia aibu. Hakuna anayepaza sauti. Mtu akipita mbele ya mzee anainama, mkono mmoja ameutanguliza chini kama anayepapasa njia gizani. Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, msikiti chini kidogo, kanisa juu kidogo, na kuku wa pande zote mbili wanachanganyika. Mwanaume wanamwita Pak, kama sisi tunavyosema Papa, mwanamke wanamwita Bu, na bibi mzee wanamwita Mbah. Kwa hiyo mimi nikawa Pak Bauma. Tulikaa kwa kaka mkubwa wa Padri, Pak Yanto, fundi seremala, na mke wake Bu Sri ndiye aliyetupikia. Na katika nyumba hiyohiyo, kwenye kiti cha mwanzi karibu na mlango wa jiko, alikaa mama yao, Mbah Tumi, ambaye mimi nilikuwa nimesafirishwa kutoka Masisi kwa ajili ya macho yake.

Na macho anayo. Nilipokaa alinitazama, niliposali alinitazama, nilipomsaidia Pak Yanto kushika ubao wa kukata alinitazama. Hakunisemesha ila salamu.

"Anakupima, Papa," Padri akaniambia. "Usiogope. Mama yangu hata muchele anapima na macho."

Kosa dogo la kwanza nilikuwa nalifanya kila siku bila kulijua. Bu Sri alitupa wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na mimi nilikula kidogo kwa adabu, maana kwetu mgeni anayefagia sahani anaacha jina baya nyuma yake. (Tena, kwa kweli, wali bila bugali tumbo langu liliuona kama salamu ya njiani: nzuri, lakini si kufika.) Bu Sri alirudisha mabaki yangu jikoni kila mara kimya. Nilidhani namheshimu. Yeye alidhani chakula chake hakinipandi.

Ikaja siku ya kenduri. Kabla ya misa kubwa ya jubilei, familia iliita wanaume wa jirani kuja kusali pamoja kumwombea Padri amani, ndiyo desturi yao, mwenye furaha na mwenye msiba wote wanaifanya. Walikuja mchana jua lilipolegea, wengine na kofia zao nyeusi, wote na mashati yao ya batiki yenye maua (mimi pia nilivalishwa moja, nikafanana na kiti cha sebuleni), wakakaa kwenye mikeka kuzunguka kuta, miguu wameikunja. Mimi waliniweka katikati ya ukuta wa mbele. Kulia kwangu Pak Yanto, mwenye nyumba. Kushoto jirani yake, mzee mnene mwenye uso wa kheri aliyeitwa Pak Darmo. Padri alikaa mbali, karibu na mlango wa mbele, pamoja na chifu wa kijiji. Mzee mmoja wa Kiislamu akasali, Padri akasali, na watu wote wakaitikia sala zote mbili. Nilifurahi rohoni. Nikasema, hii nitakwenda kuisimulia Masisi.

Kisha ikaletwa chai, kila mtu na gilasi yake, imefunikwa kifuniko. Hakuna aliyeigusa.

Hapa wasio wa kwetu inabidi niwaeleze. Huku Kivu, ukimpa mgeni kinywaji, unaonja kwanza wewe mbele ya macho yake. Kasiksi yetu ya ndizi, chai, maziwa, hata maji. Miaka mibaya ilituletea hofu ya sumu, na hofu hiyo imekaa, kwa hiyo mwenye nyumba mwenye heshima anafungua mbele yako, anapiga funda moja, anakupa. Akikuwekea kopo lililofunikwa na kuondoka, unalitazama tu. Na wewe mgeni ukikataa kula chakula cha mtu mbele yake, ukakifunga ili uondoke nacho, umemwambia neno baya kuliko tusi: umemwambia, nyumba yako sina imani nayo. Watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya hilo. Nawajua.

Basi nilikaa pale natazama gilasi zimefunikwa, Pak Yanto haonji, wageni hawanywi. Nikajisemea, Bauma, tulia, ni chai tu, labda ni ya moto. Zikafuata vikapu. Vikapu vidogo vya mwanzi vyenye vifuniko, kila mtu kimoja, ndani (nilichungulia cha kwangu) wali, kipande cha kuku, yai, karanga, na mboga kwenye jani la mgomba. Harufu nzuri sana. Nikangoja tuanze. Mzee wa kule pembeni akashika kikapu chake, hakukifungua. Akainama kumuaga mwenye nyumba. Akasimama. Wa pili akasimama. Wa tatu. Wote na vikapu vyao vimefungwa, wote wanatabasamu, wanatoka!

Damu ilinipanda. Nyumba nzima ya Padri, kwa kaka yake, mbele ya mama yake, kijiji kinakataa kula! Wanashuku! Na Pak Yanto maskini amekaa tu, anatabasamu naye, na mimi nikaona tabasamu lile ni la mtu anayemeza aibu. Nikamtafuta Padri kwa macho. Alikuwa anamwinamia chifu, lakini aliniona, akanyanyua nyusi. Kwetu kunyanyua nyusi ni ndiyo. (Baadaye aliniambia alikuwa ananiuliza mbona nimekunja uso.)

Basi nikaamua. Jambo dogo tu: mtu mmoja, tena mgeni wa mbali, akila waziwazi mbele ya wote, uvumi umekufa. Nikafungua kikapu changu kwa kelele ili wasikie, nikapiga ishara ya msalaba kubwa ya kuonekana mpaka barazani, nikashika wali kwa mkono wa kuume, nikala. Nikala kama anayetoa ushahidi mahakamani. Kila tonge nikilimeza nafungua mdomo kidogo, waone limeshuka.

Waliokuwa wamesimama wakaganda. Kumbe pale si adabu kumwacha mzee mgeni anakula peke yake. Wakarudi mmoja mmoja, wakakaa. Hata waliokuwa wameshavaa ndala nje walizivua tena. Nikasema moyoni, asante Yesu, inafanya kazi.

Bu Sri akachungulia kutoka jikoni. Akaona mgeni aliyekuwa anamwachia mabaki kila siku sasa anabugia wali kwa mikono kama aliyetoka kufungwa. Akaweka kitambaa mdomoni, akarudi ndani. Mimi nikadhani ni machozi ya shukrani.

Pak Darmo, yule mnene wa kushoto, alinitazama kwa huruma, akakisukuma kikapu chake polepole mpaka gotini kwangu.

"Monggo, Pak," akasema. Maana yake karibu.

Sasa mimi nikaelewa nini? Nikaelewa kwamba ananijaribu! Anasema, onja na cha kwangu basi, tuone. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Papa, bila shida," nikafungua, nikatoa tonge, nikala, nikamrudishia huku nampigia ishara: kula sasa, unaona niko mzima. Hakukichukua. Na aliyefuata naye akasukuma cha kwake. Na mwingine. Vikaja vikapu vinateleza juu ya mkeka kutoka kila upande, "monggo, Pak, monggo," na mimi mzee wa watu naonja, nafunika, narudisha, naonja, nafunika, narudisha, jasho linanitoka, na vyote vinanirudia, kwa sababu hakuna Mjava atakayemnyang'anya chakula mtu mwenye njala.

Kwenye kikapu cha kwanza sikuwa nimegusa ile mboga ya kwenye jani. Nikaona heri nimalize ushahidi wangu vizuri, asije mtu akasema sumu ilikuwa kwenye mboga. Ilikuwa na vitu vya kijani, virefu kidogo, vyororo. Maharagi mabichi, nikasema, yale yetu yenyewe, Mungu ni mwema. Nikajaza mdomo.

Ndugu zangu, ilikuwa pilipili. Kule Watugede wanapika pilipili mbichi kama mboga, wao wameizoea tangu wanaachishwa ziwa. Kwanza sikusikia kitu. Halafu masikio yakaziba. Halafu machozi, kamasi, jasho, vyote kwa pamoja, nikataka kuita Padri, sauti haikutoka ila mlio kama wa mbuzi, nikashika koo, nikashika gilasi ya chai, ilikuwa ya moto na tamu kama asali ya Walikale, ikaongeza moto juu ya moto, nikaanguka ubavu juu ya mapaja ya Pak Darmo.

Pak Darmo akapiga kelele. Ndiyo sauti kubwa ya kwanza niliyoisikia katika kijiji kile. Alitamka neno moja, na neno hilo Padri alinieleza baadaye: amekula sumu!

Mnaona basi? Mimi niliyekula ili kuonyesha kwamba nyumba haina sumu, nimelala chini nimeshika koo, na neno lenyewe limeshatoka mlangoni linaelekea msikitini. Mtu akapanda mnazi. Wakaniletea maji ya dafu bichi, ndiyo dawa yao ya aliyekula sumu, wakanikalisha, wakanimiminia mdomoni, dafu la kwanza, dafu la pili, na wanawake na watoto wameshajaa dirishani, na mimi katikati, na batiki yangu ya maua, nikimwomba Mungu kimoyomoyo: Bwana, nisife sasa, nikifa hapa nitakuwa nimeiua nyumba hii.

Pilipili si sumu. Ikapita. Nikafungua macho, nikamwona Padri amepiga magoti mbele yangu, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza ametoka kwenye kiti chake, Mbah Tumi.

"Papa," Padri akasema kwa sauti ndogo, "uniambie kweli. Njala njo ilikukamata ivi? Shemeji yangu analia kule jikoni. Anasema alikufungisha njala mu nyumba yake, na sasa bantu bote bameona."

Nikayatazama mambo mawili yaliyobaki. Nikisema ndiyo, njala, Bu Sri ataitwa mpaka kufa kwake mwanamke aliyemtesa mgeni kwa njaa. Nikisema kweli, basi nitasema neno sumu mbele ya mama aliyeachiwa kuamua kama mtoto wake arudi Masisi. Na mimi nilitumwa nimrudishe. Niliona uso wa Mama Furaha, nikaona wazee wa kilima, nikaona kanisa letu la mbao jumapili bila misa. Lakini nimewafundisha watoto wa kilima kile amri ya nane kwa mdomo huuhuu uliokuwa bado unawaka.

"Padri, haikukuwa njala," nikasema. "Bu Sri anapika muzuri. Niliona bantu banabeba bikapu bila kukula, nikazani banaogopa sumu. Nikasema nile mbele yabo, baone kama nyumba yenu iko safi."

Padri akanieleza kwa haraka kwamba vikapu vile ni vya kupeleka nyumbani, ni baraka ya sala, mwanaume anambebea mke na watoto, hakuna anayekula pale, na chai hainywewi mpaka mwenye nyumba aseme. Nikatamani mkeka unimeze.

"Na Papa," akaongeza, "ile neno nikiiweka mu luga ya hapa, Mama ataisikia."

"Uiweke," nikasema. "Shemeji yako asilie bure."

Akaitafsiri. Pak Darmo alikitazama kikapu chake, akanitazama mimi, akakitazama tena.

Mbah Tumi akauliza neno. Padri akatafsiri bila kunitazama:

"Anauliza kama kule kwenu kuko sumu."

"Umuambie kuko woga. Sumu iko kidogo, woga njo mingi. Njo maana mwenye nyumba anaonja mbele, mugeni asikunywe na mashaka."

"Anauliza nani ananionjea miye."

"Kila nyumba, mwenye nyumba. Na nyumba ikisahau, ao mutu akileta kopo tu na kwenda, niko pembeni yako. Naonja miye."

Padri hakutafsiri. Alinigeukia mimi.

"Papa... ile miaka yote? Kila pahali unanyanganya kopo yangu, unakunywa ya kwanza?"

"Njo kazi, Padri."

"Mimi nilizani uko na kiu tu."

"Sina kiu ya vile," nikasema, na mtu wa pili kucheka alikuwa mimi, maana wa kwanza alikuwa yeye, anacheka na kufuta macho kwa mkono wa shati. Ndipo akageuka, akamweleza mama yake.

Mbah Tumi akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akakaa chini kwenye mkeka, polepole, magoti yake yalilia, akavuta kikapu changu, kile nilichokula nikabakisha, akaweka mkono ndani, akala. Mabaki ya mgeni, mama mzee, mbele ya kijiji. Akatafuna bila haraka, akameza, akaangalia wanaume wote waliozunguka, akasema, "Monggo."

Nasikia jambo hilo halijatokea tena katika Watugede: watu walifungua vikapu palepale na kula. Wote. Walikula mpaka karanga ya mwisho, Waislamu na Wakristo, ili aibu yangu isikae peke yake, Bu Sri akatoka jikoni na macho mekundu akawaongezea, na Pak Darmo alinitolea pilipili zangu moja moja kama mama anayemtolea mtoto miiba ya samaki. (Kesho yake wanawake wa kijiji walikuja kumlalamikia Bu Sri: waume zao walirudi nyumbani mikono mitupu, wamenenepa, hawana baraka. Akapikia upya kijiji kizima. Mimi nilichambua vitunguu bila kuinua kichwa.)

Misa ya jubilei ikapita vizuri, nashukuru, sikupewa la kufanya ila kukaa. Baada yake Mbah Tumi aliniita pale kwenye kiti chake cha mwanzi, Padri katikati anatafsiri na masikio yake mekundu.

"Anasema nirudi na weye," Padri akasema. "Lakini anasema kila jumapili anataka kusikia sauti yako. Yako weye, haiko yangu. Anasema tangu utoto nikigonjwa nasema niko muzima. Weye uongo huwezi."

Basi tulirudi, na mmetuona tulivyopokewa, na tangu siku ile nimejiapiza: penye mlo wa ugenini nitatazama kwanza mikono ya wenyeji inakwenda wapi, na nisipoelewa nitauliza, na nikikosa wa kumwuliza nitakaa na njaa yangu kama mtu mzima. Kitu cha kijani nakifungua kwa uma kwanza. Na ninyi mnaonipigia kelele barabarani, "Papa Bauma, monggo!", nawasikia, Mungu awabariki.

Jumapili baada ya misa napanda pale juu kwa minara ambapo telefoni inashika, narekodi sauti, namtumia Mbah Tumi. Namwambia nyumba tuliyokula, kama ni sombe ya majani ya muhogo au mchicha wetu wa lenga-lenga, na kwamba nilionja mbele, na kwamba mimi ni mzima. Haelewi hata neno moja. Anasikiliza tu kama sauti ipo. Halafu nakaa kwenye jiwe nangoja, na jibu lake linakuja, fupi, neno la kwao la kusema ndiyo:

"Nggih."

Ndipo nashuka.